Punda wa Mdachi Njia ya Bweni

Mbaraka bin Shamte aliifunga chemni ya taa, kioo chembamba cha kukinga moto, kifuani, si mgongoni. Aliizungushia pamba, juu ya pamba shuka, na juu ya shuka akakaza kamba ya usumba wa nazi, mpaka akawa anatembea kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Chemni ile ilikuwa ya mnara wa Ras Mkumbi, kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Mafia. Ya zamani ilikuwa imepasuka, mnara umelala gizani, na chombo cha serikali kilikuwa kimekwama bara. Watu wa boma la Chole wakamwomba bwana wa shamba, Mdachi mmoja, pikipiki yake. Bwana alikuwa kitandani na homa, na Mafia nzima hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kuiendesha ila Mbaraka.

"Kabla jua halijatua," aliambiwa.

Akaitikia. Lakini haikuwa taa iliyomnyima usingizi. Ukikaribia Ras Mkumbi lazima upite Bweni, na Bweni ndiko alikokuwa Mwanahalima, aliyekuwa mkewe, akimalizia edda nyumbani kwa mama yake. Edda ikiisha, atakuwa mtu mbali. Imebaki siku, au saa, au haikubaki kitu. Ajuaye hilo ni mwanamke mwenyewe na Mola wake.

Mwaka ule ulikuwa wa mwisho kabla vita vya Wadachi na Waingereza havijafika visiwani. Pikipiki kisiwani ilikuwa hiyo moja, na watu hawakuwa na neno lake. Baleni waliiita punda wa Mdachi, na jina likaenea. Mkanda mrefu wa ngozi ulitoka kwenye injini ukazungusha gurudumu la nyuma. Ili iwake ilikubidi uikimbize umeishika pembe, kisha uirukie ingali inakohoa. Ikipata moto kupita kiasi ilizima yenyewe, na hapo hakuna dawa ila kukaa kitako uingoje ipoe. Kwa hiyo safari ya punda yule ilikuwa safari ya baraza kwa baraza: unakwenda mpaka injini inaanza kunuka, unasimama penye watu, unakunywa kahawa, unaendelea.

Na baraza ndiyo iliyokuwa imemvunjia nyumba.

Alizaliwa Baleni, mwana wa msuka kamba. Akiwa kijana alikwenda kibarua kwenye kinu cha mafuta ya nazi, na huko akajifunza kusikiliza chuma kama wengine wanavyosikiliza mgonjwa. Alikuwa mkimya, mwepesi wa kuona haya, na watu wa namna hiyo ndio hufanya mambo ya ovyo wakiwa mbele za watu. Bwana wa shamba alipomfundisha kuendesha pikipiki, Mbaraka alipata kwa mara ya kwanza kitu ambacho wenzake walitaka kukisikia. Kila jioni akawa kwenye baraza ya Shaibu, kikombe mkononi, akieleza jinsi moto unavyoweza kuwa ndani ya chuma na chuma kisiungue. Watu walimsikiliza. Utamu wa kusikilizwa ukamlevya.

Usiku mmoja wa masika Mwanahalima alimfuata pale pale. Alisimama kwenye kona ya ukuta, buibui limerowa, maji yanamtiririka usoni.

"Baba," alisema, "nyumba inavuja tangu juzi, kitanda kimeelea. Na wewe huku unavuja maneno."

Baraza ikaangua kicheko. Shaibu ndiye aliyecheka kuliko wote, akajipiga paja, kahawa ikamwagika. "Ewe Mbaraka! Kumbe punda mwenye hatamu ni wewe!"

Mbaraka hakumtazama Shaibu. Alimtazama Mwanahalima, na kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua akasema, "Nimekuacha."

Kicheko kikakatika. Mvua ikasikika upya. Mwanahalima alisimama kidogo, kama mtu anayesubiri sentensi iishe, kisha akageuka. Kesho yake alifunga sanduku lake na kushika njia ya Bweni.

Ilikuwa talaka moja. Talaka moja ina mlango wa kurudia, kila mtu analijua hilo. Muda wote mke yumo edani, inamtosha mume kusema, "Nimemrejea mke wangu," na watu wawili wakasikia. Hahitaji kumwuliza mke. Hahitaji hata kwenda aliko. Aseme Baleni, naye Bweni anakuwa mkewe, akijua asijue. Mwezi wa kwanza Mbaraka hakusema kwa sababu ya hasira. Mwezi wa pili hakusema kwa sababu ya haya. Wa tatu ulipoingia, kila alipofungua kinywa aliiona ile kona ya ukuta, na mwanamke amesimama mvuani anasubiri sentensi iishe, na neno likamkwama. Alikuwa amemtupa mbele ya watu, juu ya kahawa. Leo amwokote vile vile, juu ya kahawa, yeye hayupo?

Alitaka amwambie usoni. Ndilo alilotaka, na ndilo lililomchelewesha.

Akaikimbiza pikipiki kwenye mchanga wa Utende, ng'ambo ya Chole, akairukia, kuku wa mtaa mzima wakatawanyika.

*

Baleni alifika injini inatoa harufu ya nazi iliyoungua. Hakutaka kusimama Baleni kuliko mahali popote duniani, lakini chuma hakina adabu. Kilizima mbele ya baraza ya Shaibu kama punda aliyelijua zizi lake.

"Amekuja, amekuja!" Shaibu alipiga makofi. "Ondokeni kivulini, mpisheni punda. Mbaraka, huyu leo umemlisha nini, mbona anajamba hivi?"

"Asalamu alaykum."

"Alaykum salamu. Keti. Unyonyeshe hapa." Alikuwa anakitazama kifua cha Mbaraka kilivyotuna. Watu wakacheka. "Ni nini hicho?"

"Chemni ya mnara."

"Haya, mnyonyeshaji wa serikali, kunywa."

Kikombe kikamfikia, kidogo, kichungu, cha moto. Kukataa kahawa ya baraza ni kama kukataa salamu, hivyo alikunywa. Walikuwapo watu wengi wazima, wenye akili zao, wanaosali sala tano. Mashahidi wawili? Wangepatikana hata kumi. Neno lilikuwa kwenye ulimi wake, alilihisi uzito wake.

"Basi unakwenda Bweni," Shaibu alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Utamkuta mwenzio njiani. Sleyum bin Muhsin wa Kirongwe. Juma lililopita alipita hapa kununua mbata za nazi, akauliza habari za Bweni kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe huko."

"Sleyum ana mbata za kununua kila mahali."

"Ana mbata. Hana mke." Shaibu akamwinamia. "Hujamrejea bado, wee?"

Baraza nzima ikamgeukia. Hata mtu aliyekuwa akikoroga makaa alisita. Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Pale pale alipomwacha, mbele ya wale wale. Akaona jinsi watakavyocheka, si kwa ubaya, kwa furaha tu, na jinsi habari itakavyotangulia Bweni kwa midomo ya wabeba samaki kabla yeye hajafika: umesharejewa, bibi, leo, kwa Shaibu, kahawa ilikuwa nzuri.

Alitikisa kikombe kuonyesha ametosheka. "Injini imepoa," alisema.

"Injini!" Shaibu alimpigia kelele akishaondoka. "Imepoa injini, au mwenyewe?"

*

Kutoka Baleni kwenda Kirongwe njia ilikuwa ya mashamba ya minazi, ardhi imekauka, na pikipiki ilikwenda vizuri kiasi cha kumtisha. Kila shimo alilolipita aliweka mkono mmoja kifuani. Chemni ilikuwa nyembamba kama ganda la yai. Angekwenda mbio, ingepasuka, na angekwenda polepole, jua lilikuwa likipanda. Kazi mbili zilimvuta kila moja upande wake, na zote mbili zilikuwa mwisho wa njia ile ile.

Kirongwe hapakuwa na hila. Injini ilianza kunuka mbele ya nyumba kubwa ya chokaa, nyumba ya kina Muhsin, watu ambao babu zao walikuja kutoka Oman na mashamba yao yalijulikana kisiwani kote. Kulala njaa nje ya nyumba ile kulikuwa jambo lisilowezekana. Kabla hajapiga hodi, mtumishi alikwishatoka na mdila wa kahawa wa shaba na sahani ya tende, na sauti ya mwanamke wa makamo ikamfikia kutoka nyuma ya pazia la mlango. Alikuwa Sihaba, dada yake Sleyum.

"Karibu, baba. Mwenye nyumba hayupo, kahawa ipo."

"Starehe, bibi. Sikai."

"Kwetu mgeni haulizwi aendako mpaka kikombe chake kiishe. Kunywa, nikuulize."

Akanywa. Kilikuwa na iliki, na kilikuwa kizuri, na hilo lilimuumiza. Alipokimaliza, sauti ile ikacheka kidogo.

"Sina haja ya kuuliza. Pikipiki ya Mdachi huendeshwa na mtu mmoja. Wewe ni Mbaraka aliyemwacha Mwanahalima."

"Ndiye mimi."

"Basi nikwambie, maana haifai mtu anywe kahawa ya watu asijue. Kaka yangu ameondoka alfajiri baada ya sala. Amepanda punda mweupe, amevaa joho. Anakwenda Bweni kukaa na Bimkubwa mpaka binti yake atoke edani. Hataposa edda haijaisha, ujue. Sisi si watu wa namna hiyo. Atakaa tu, anywe kahawa."

"Punda mweupe ni mwepesi?"

"Ni wa Maskati," Sihaba alisema kwa fahari. "Lakini mvivu wa kupanda vilima."

Mbaraka alisimama upesi mno hata kikombe kikagonga sahani. Alisahau kukitikisa, mtumishi akakijaza tena, akabaki ameshika mdila, hajui la kufanya na kikombe kilichojaa na mgeni aliyekwisha kuruka juu ya chuma.

*

Alimkuta Sleyum mbali baada ya kupita Kirongwe, mahali njia inapoingia kwenye mchanga mzito na vilima vidogo. Kwanza aliona joho, jeusi lenye uzi wa dhahabu pindoni, kisha mkia mweupe wa punda, kisha mtu wa nyuma aliyebeba kikapu. Alipaswa kupunguza mwendo. Hakupunguza.

Pikipiki ilipita kando yao kama risasi. Punda wa Maskati, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kusikia kitu kama kile, alisimama kwa miguu ya nyuma, akageuka, akakimbilia mikorosho. Mbaraka alitazama nyuma mara moja, akaona joho limo hewani, tupu au na mtu ndani yake hakujua, na akacheka. Ndiyo, alicheka. Kicheko hicho hakikufika mbali. Kilima kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Gurudumu lilizama, injini ikaguna, mkanda wa ngozi ukachapa hewani kama mjeledi, na kimya kikaingia.

Ulikuwa umekatika.

Alikaa mchangani. Kwanza aliigusa chemni, ilikuwa nzima. Kisha akautoa mkanda. Ungeweza kukazwa, kutobolewa upya, kufungwa kwa waya, lakini kazi hiyo ilitaka mkono tulivu, na jua halikuwa likimngoja. Alikuwa bado anatoboa ngozi kwa kisu pale kivuli kilipomwangukia.

Sleyum bin Muhsin alikuwa mtu mzima, mwembamba, ndevu zake zimechanwa vizuri. Joho lilikuwa limejaa mchanga na mikorosho ilikuwa imemchana shavu. Nyuma yake mtumishi wake, Hemedi, alikuwa anamburura punda.

"Asalamu alaykum," Sleyum alisema.

"Alaykum salamu, Bwana Sleyum. Niwie radhi."

"Umeniangusha." Hakuonyesha hasira, alisema kama mtu anayetoa habari. "Punda naye ameona haya. Tangu Maskati hajawahi kukimbia mbele ya watu."

Hemedi alicheka, akajizuia. Sleyum akaketi mchangani, na joho lake, mbele ya Mbaraka kabisa.

"Hebu tuseme kama Waislamu, Mbaraka. Unakwenda kumrejea?"

"Nakwenda."

"Umeshamrejea?"

Mbaraka aliurudia mkanda, akatoboa tundu jingine.

"Hujamrejea!" Sleyum alishangaa kweli. "Umetoka Utende, umepita Baleni, umepita kwangu, umekunywa kahawa yangu, na hukusema neno? Sikiliza. Mimi sitaki mke wa mtu. Nimeambiwa mume hana habari naye, nikaamini. Ikiwa sivyo, basi. Sema sasa. Mimi nasikia, Hemedi anasikia. Wewe ukisema, edda ikiwa haijaisha ni mkeo, nami nageuza punda huyu nirudi Kirongwe sasa hivi. Wallahi narudi."

Upepo ulikuwa unapeperusha mchanga mwembamba juu ya mkanda. Ilikuwa rahisi kuliko kuvuta pumzi. Maneno matatu, na mtu huyu angesimama, angejipangusa, angeondoka. Mbaraka aliyajua hayo, na alijua pia kwamba kabla ya Bweni hakuna mlango mwingine utakaofunguliwa hivi. Akalitazama lile shavu lililochanwa na mikorosho. Alimwona Sleyum akirudi nyumbani kwa dada yake na kusema, nimempa mke wake. Akamwona Mwanahalima akiambiwa na Hemedi kisimani: umerejewa, mama, juu ya kilima, Bwana Sleyum alikuwa shahidi.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini?"

"Kusema hapa."

Sleyum alimtazama muda mrefu, akitafuta ujinga au wazimu usoni mwake. "Mola akuongoze," alisema hatimaye, akainuka. "Mimi nimekwisha kunawa mikono." Akapanda punda. Punda wa Maskati alikipanda kilima taratibu, kivivu, na alikimaliza.

*

Mbaraka alifika Kanga jua limeinama upande wa magharibi. Mkanda ulishika, lakini uliteleza kila penye mwinuko, na mara nyingi ilibidi ashuke asukume. Kanga alikuwapo Biubwa, mjane aliyekuwa akipika kahawa mbele ya nyumba yake kwa ajili ya watu watokao baharini. Alimjua Mbaraka tangu harusi. Hakumngoja akae.

"Mwenzako amepita na punda wake. Hakunywa hata tone. Wewe nawe usinywe, nenda."

"Injini haiendi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba, nayo marahaba itakufikisha wapi? Kaa basi." Akammiminia kwa nguvu, kahawa ikaruka. "Mwanangu, nikuambie nililoliona. Jana Bimkubwa ametuma watu kuja kuazima sufuria yangu kubwa."

Mbaraka alikishika kikombe, hakukiinua. "Sufuria ya nini?"

"Mimi nijue? Mtu haazimi sufuria ya watu arobaini kwa ajili ya mihogo ya watu wawili."

"Edda yake imekwisha?"

"Hilo usiniulize mimi!" Biubwa alikasirika kabisa. "Wala usiulize mtu. Hilo ni lake. Akisema imekwisha, imekwisha, akisema bado, bado, na kadhi mwenyewe hawezi kumpinga. Nyinyi wanaume mnasema maneno yenu barazani mnadhani dunia imesimama. Sisi tunahesabu kimya kimya."

Wavuvi wawili walikuwa wameketi pembeni wakiwa na vikombe vyao. Wawili. Walimtazama, wakangoja, kwa maana habari ilikwishawafikia nao. Biubwa aliwatazama, akamtazama Mbaraka, akainua nyusi.

Hapo karibu aseme. Kiburi kilikuwa kimeisha. Kilikufa kwenye kile kilima. Kilichobaki kilikuwa hofu, na hofu haina aibu. Alifungua kinywa. Akaona jinsi neno lingekuwa: la kumkamata tu, kama mtu anayerusha kamba ndege ashaanza kuruka. Kama bado yumo edani, neno lingemfunga bila ya yeye kujua. Kama ameshatoka, lingekuwa upuuzi.

Akafunga kinywa. Akaikimbiza pikipiki, akairukia.

*

Punda mweupe alikuwa amefungwa kwenye mpera wa Bimkubwa. Kwenye baraza waliketi Sleyum na Hamisi, kaka yake Mwanahalima, aliyekuwa walii wake wa ndoa tangu baba yao afariki. Sufuria kubwa ilikuwa jikoni, haijawekwa motoni. Bimkubwa alitoka kabla injini haijazima.

"Shikamoo, mama," Mbaraka alisema.

Bimkubwa aliliacha shikamoo hilo lining'inie. "Umekuja na kelele zako."

"Nimekuja kumwambia Mwanahalima neno. Mwenyewe."

"Neno gani litakalomfaa? Sema kwetu."

"Nitamwambia yeye."

Ndani pakawa na mwendo. Sauti ikatoka nyuma ya mlango, na Mbaraka, ambaye hakuwa ameisikia tangu ule usiku wa mvua, aliijua kwa neno la kwanza.

"Hamisi, mwambie edda yangu imekwisha. Nimeoga alfajiri ya leo."

Mbaraka aliona jua juu ya mpera, mahali lilipokuwa, akakumbuka kwamba alfajiri alikuwa bado Utende, anafunga chemni kwa pamba. Basi barabara nzima, baraza zote, kilima chote, neno lingekuwa tupu pote. Hata angelisema Baleni mbele ya watu mia.

Sleyum akakohoa. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilikuwa kama kisu. "Lazima niseme hili, lisije likasemwa vinginevyo. Nilimpa nafasi njiani. Nilimwambia arejee mbele yangu, nigeuze punda. Akakataa."

"Umesikia!" Bimkubwa aligeukia mlango. "Umesikia, mwanangu? Ameombwa na mtu mwingine akurejee, na amekataa!"



"Ni kweli?" Mwanahalima aliuliza.

"Ni kweli."

"Kwa nini?"

Mbaraka alitafuta maneno. Maneno mazuri yote aliyokuwa nayo aliyamaliza barazani kwa Shaibu akieleza habari za chuma. "Nilikuacha hupo," alisema, "yaani ulikuwapo, lakini sikukuuliza. Sikutaka nikurudishe vile vile, watu wanajua, wewe hujui." Kisha, kwa sababu alikuwa amechoka, akasema na la pili. "Na kiburi. Sikutaka nikupate kutoka mkononi mwa Sleyum."

"Hilo la pili naliamini," sauti ilisema. "La kwanza nitalitazama."

Hamisi alicheka bila kukusudia. Bimkubwa akamkata jicho.

"Kaka," Mwanahalima aliendelea, "mimi si kigori. Hakuna wa kunijibia. Mwambie Bwana Sleyum kwamba namshukuru kwa adabu yake, lakini sikumkubali. Aende kwao salama, asingoje. Na huyu wa pikipiki, hana mke hapa. Anayo chemni kifuani, watu wako baharini. Aende. Kama ana haja, aje kama wanavyokuja watu, kwa miguu, na mzee wake, mbele ya watu, aniulize."

"Utajibu nini?" Mbaraka aliuliza.

"Kama ningekujibu leo, ungekuja kuuliza nini?"

*

Chemni ilifika Ras Mkumbi nzima, na mnara ukawaka. Kesho yake Mbaraka alirudi kusini. Hakusimama Kanga, hakusimama Kirongwe. Baleni alisimama, ingawa injini haikuwa imeanza kunuka, akaingia barazani kwa Shaibu na kuketi.

"Haya!" Shaibu alisugua mikono. "Umemrejea?"

"Hapana. Edda imekwisha. Nakwenda kuposa."

"Kumposa nani?"

"Mwanahalima."

Baraza ililipuka. Mtu alimwaga kahawa yake yote. "Anamposa mkewe! Jamani, anamposa mkewe!"

"Si mke wangu," Mbaraka alisema, na alingoja mpaka wakachoka kucheka, na ilichukua muda. Kisha akamgeukia Shaibu. "Sina baba. Nataka unifuate Bweni uwe mzee wangu. Kwa miguu."

Shaibu alikuwa bado ana machozi ya kicheko. Akayapangusa, akamtazama, na polepole uso wake ukabadilika, kama mtu aliyegundua kwamba mzaha alioanza yeye umekuja kumdai. "Kwa miguu mpaka Bweni? Na magoti haya?" alisema. Akaita ndani aletewe kanzu nyingine.

Walikwenda siku mbili, wakilala Kirongwe msikitini. Bweni waliketi barazani, Hamisi mbele, majirani wamejaa mpaka uani, Bimkubwa amesimama jikoni amekunja mikono. Shaibu alisema maneno ya posa kama desturi inavyotaka, marefu na mazuri, akimsifu kijana wake kwa sifa ambazo hajawahi kumpa hata siku moja. Hamisi akageukia mlango.

"Mwanahalima, umesikia. Unasemaje?"

"Nimemsikia Mzee Shaibu," sauti ilisema. "Sikuachwa na Mzee Shaibu. Aulize aliyekuja kuuliza."

Mbaraka akasimama. Watu wote walikuwa wakimtazama, na haya ilimpanda mpaka masikioni. Alisema lile jina lake kamili, Mwanahalima binti Jumanne, kisha akauliza, kwa sauti ambayo uani kote waliisikia, kama yuko radhi kuolewa naye. Akangoja. Safari hii yeye ndiye aliyesimama mbele za watu akisubiri sentensi ya mtu mwingine iishe, na kungoja hakukuwa kufupi, kwa sababu Mwanahalima alimwacha asimame hapo.

"Niko radhi," Mwanahalima alisema.